Mabadiliko Yaliyo Kichanjani na Yaliyo Nje ya Kichanja

Katika makala haya ninakusudia kueleza jambo moja dogo la kazi ya kompyuta ambalo limewasumbua wafasiri wetu kupita udogo wake. Jambo lenyewe ni namna ya kutazama mabadiliko ambayo mtu amekwisha kuyaweka tayari yaingizwe katika kumbukumbu ya kudumu, na yale ambayo bado hajayaweka tayari. Swali hilo lililetwa kwetu na mwalimu mmoja wa Mbeya na mfasiri mmoja wa Iringa, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili walikuwa na Kiingereza kilekile mbele yao, na kila mmoja alitoa tafsiri ambayo mwenziwe asingeielewa. Wa kwanza aliandika "mabadiliko yaliyopandishwa jukwaani". Wa pili aliandika "mabadiliko yaliyotengwa". Nilipozipeleka tafsiri hizo kwa vijana wanaoitumia programu yenyewe kila siku, ile ya kwanza iliwachekesha; na kuhusu ya pili, mmoja wao, mtoto wa mzee wa kanisa, aliuliza mabadiliko hayo yamefanya kosa gani hata yakatengwa.

Kicheko hicho hakikunipendeza sana, kwa maana kosa la wafasiri wale lilikuwa ni letu. Tuliwapa neno bila kuwapa kitu. Kwa hiyo nitaanza na kitu.

Kazi yenyewe

Mtu anayeandika programu, au hata anayeandika orodha ya istilahi kama sisi, hubadilisha maandishi yake mara nyingi. Zamani ofisini mwetu tulizihifadhi rasimu zote katika jalada moja, zikiwa na tarehe, na aliyetaka kujua tafsiri ya neno fulani ilibadilika lini alilazimika kufunua karatasi moja moja. Mfumo wa kudhibiti matoleo huifanya kazi hiyo ndani ya kompyuta. Hutunza kila toleo la faili, hutaja aliyelibadilisha, tarehe na sababu aliyoitoa, na huweza kumwonyesha msomaji ni mistari gani iliyoondolewa na ni ipi iliyoongezwa.

Mifumo ya namna hii si mipya. Ule ulioandikwa na Marc Rochkind katika maabara za Bell huko Marekani ulianza mwaka 1972, na programu ya kulinganisha mafaili mawili na kutaja tofauti zake ilikuwa imekwisha kuenea pamoja na mfumo wa Unix kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Walter Tichy alileta mfumo wake mwaka 1982. Ila mfumo unaotumika zaidi siku hizi ni Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, mwezi wa Aprili mwaka 1005 ukiongeza elfu moja, yaani 2005, baada ya waandishi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure mfumo waliokuwa nao. Ninautaja mwaka kwa mzunguko huo kwa makusudi, maana mashine ya kupiga chapa ilikwisha kunichezea mara moja kwa tarakimu, kama msomaji atakavyoona mbele.

Huo ndio mfumo wanaofundishana vijana wa kompyuta mjini Mbeya, ambako chuo cha ufundi cha mwaka 1986 kimekua hatua kwa hatua hata kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na ndio wanaofundishana vijana wa Iringa. Wanaufundisha kwa Kiswahili. Ila maneno ya kazi, katika kila sentensi, hubaki ya Kiingereza, na kiungo pekee cha Kiswahili kinachosikika ni "ku-" inayotangulia kitenzi cha kigeni.

Mahali patatu

Ugumu wa Git unatokana na kuwa maandishi hukaa mahali patatu, ambapo mifumo mingi iliyoitangulia ilikuwa na mahali pawili tu: meza ya mwandishi na ghala la matoleo. Git iliongeza pa katikati.

Mtumishi wa serikali atanielewa upesi nikitumia mfano wa ofisi. Juu ya meza yako una rasimu ya barua. Unaisahihisha, unafuta, unaongeza. Unaporidhika, unatoa nakala ya rasimu ile kama ilivyo dakika hiyo, na kuiweka katika trei ya barua zinazosubiri kwenda masjala. Jioni mhudumu huchukua vilivyomo katika trei, na vilivyomo tu, akavipeleka masjala, ambako hupewa namba na kuwekwa katika jalada. Baada ya hapo havifutwi kwa urahisi.

Sasa tuseme kwamba baada ya kuweka nakala katika trei ulirudi mezani, ukaona kosa, ukalisahihisha katika rasimu yako. Je, nakala iliyo katika trei imesahihishika? La. Nakala ya kaboni haijui yanayotendeka mezani. Masjala itapokea barua yenye kosa, na wewe utakuwa na barua safi juu ya meza, ukidhani kazi imekwisha.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili, nami nina ushahidi wa nafsi yangu. Nilikuwa nikiandaa orodha ya istilahi za kilimo kwa ajili ya semina ya walimu wa sekondari mjini Mbeya. Chini ya neno "unyevu" nilieleza kuwa ni kiasi cha maji kilichomo katika kitu, nikatoa mfano wa mahindi, ambayo hayafai kuwekwa ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 31.5. Nikaliweka faili tayari. Nilipolisoma tena nikaona nimegeuza tarakimu: kiwango kinachotakiwa ni asilimia 13.5. Nikasahihisha, nikahifadhi faili, nikatoa amri ya kuingiza ghalani, nikaenda nyumbani. Mwenzangu aliyekuwa Iringa alilichukua toleo kutoka ghalani, akalipiga chapa na kulisafirisha Mbeya. Katika karatasi zile unyevu ulikuwa 31.5.

Mwalimu mmoja wa kilimo aliliona kosa hilo siku ya pili ya semina. Alinyamaza hadi wakati wa chai ndipo akaniambia, nami ninamshukuru kwa staha hiyo. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini aliyeweka mahindi yenye maji kiasi kile kihengeni atafungua mlango baada ya miezi miwili na kukuta ukungu, na ukungu huo huweza kuzaa sumukuvu, neno ambalo nchi nzima ililijifunza kwa huzuni mwaka 2016 watu walipougua na kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Orodha ya istilahi si karatasi ya mapambo. Mwalimu huinakili ubaoni.

Namna ya kutazama

Kosa langu lingezuilika kwa kutazama, na kutazama kwenyewe ni kwa aina tatu.

Aina ya kwanza ni kuuliza hali. Amri ni "git status". Kompyuta hujibu kwa orodha: kwanza mafaili ambayo mabadiliko yake yako tayari kuingizwa ghalani, kisha mafaili yaliyobadilishwa lakini mabadiliko yake hayajawekwa tayari, na mwisho mafaili mapya ambayo mfumo haujaambiwa uyafuatilie. Kwa kawaida orodha ya kwanza huandikwa kwa rangi ya kijani na nyingine kwa nyekundu. Ningalitoa amri hiyo jioni ile, ningaliona jina la faili langu limeandikwa mara mbili, kijani na nyekundu. Watu wengi wanaoanza huliona jambo hilo wakadhani kompyuta imekosea. Haikukosea. Faili ni moja, lakini lina mabadiliko yaliyo tayari na mabadiliko mengine yaliyofanywa baadaye.

Wenye haraka huongeza "-s" mwishoni mwa amri hiyo, wakapata jibu fupi la herufi mbili mbele ya kila jina. Herufi ya kushoto yaeleza hali ya pa katikati, ya kulia yaeleza hali ya mezani. Herufi "M" ikiwa pande zote mbili, hiyo ndiyo hali iliyonipata.

Aina ya pili ni kutazama mabadiliko ambayo hayajawekwa tayari, maneno kwa maneno. Amri ni "git diff" bila kitu kingine. Yafaa msomaji aangalie sana amri hii inalinganisha nini na nini, kwa kuwa hapo wengi hupotea. Hailinganishi meza na ghala. Inalinganisha meza na pa katikati. Ndiyo sababu mtu akiweka kila kitu tayari kisha akatoa amri hiyo, kompyuta hunyamaza kimya, naye hushtuka akidhani kazi yake imepotea. Nimemwona mfasiri akianza kuandika upya ukurasa mzima ambao ulikuwa salama salimini hatua moja mbele yake. Faili jipya kabisa pia halionekani katika jibu la amri hii, kwa kuwa mfumo haujaanza kulifuatilia.

Aina ya tatu ni kutazama yale yaliyowekwa tayari. Amri ni "git diff --staged", ambayo huandikwa pia "git diff --cached". Maana ni ile ile. Hii hulinganisha pa katikati na toleo la mwisho lililomo ghalani. Inaonyesha kile hasa kitakachoingia, bila kujali yaliyo mezani. Ningaliitoa jioni ile ningaliona hivi:

+unyevu: kiasi cha maji kilichomo katika kitu, mahindi ya ghalani yasizidi 31.5

na "git diff" peke yake ingalinionyesha hivi:

-unyevu: kiasi cha maji kilichomo katika kitu, mahindi ya ghalani yasizidi 31.5
+unyevu: kiasi cha maji kilichomo katika kitu, mahindi ya ghalani yasizidi 13.5

Alama ya kutoa mwanzoni mwa mstari yaonyesha maneno yaliyoondolewa. Alama ya kujumlisha yaonyesha yaliyowekwa. Aliyekwisha kusoma muswada uliosahihishwa kwa wino mwekundu hahitaji maelezo zaidi. Anayetaka kuona tofauti zote kwa pamoja, yaani meza ikilinganishwa na toleo la mwisho la ghalani, hutoa amri ya "git diff HEAD".

Huenda mtu akauliza: ikiwa pa katikati paweza kutuponza hivyo, kwa nini pawepo? Sababu ni njema. Mwandishi akisahihisha tahajia katika mistari kumi na wakati huo huo akabadili fasili ya neno moja, hayo ni mambo mawili yenye sababu mbili. Akiyaingiza ghalani kwa mkupuo mmoja, atakayekuja baada ya miaka mitano hatajua fasili ilibadilishwa kwa nini. Kwa kupitia pa katikati aweza kuyatenga, kuweka tayari ya tahajia, kuyaingiza na sababu yake, kisha kuweka tayari ya fasili. Mfumo hata humruhusu kuchagua sehemu za faili moja. Sisi tunaotunza historia ya maneno tungepaswa kuwa wa kwanza kuisifu desturi hiyo.

Kutafuta jina

Sasa tuje kwenye neno. Kiingereza chenyewe hapa kimeyumba. Mahali pa katikati paliwahi kuitwa kwa jina la akiba ya muda, ndiyo maana ya "cached" inayosalia katika amri. Paliitwa na bado huitwa kwa jina linalofanana na la faharasa ya kitabu. Na siku hizi huitwa zaidi kwa jina lililotoka katika mambo ya jeshi, la uwanja wanapokusanyika askari na vifaa kabla ya kusonga mbele. Mfasiri aliyeandika "jukwaa" alifuata sura ya neno akaiacha maana. Anayeandika "faharasa" atamfanya msomaji atafute orodha ya kurasa.

Neno "kutengwa" lina hatia nyingine zaidi ya ile ya kanisani: linaweka mkazo katika kuondolewa, ambapo maana inayotakiwa ni kuandaliwa. "Kuandaliwa" kwenyewe ni sahihi, lakini ni neno pana mno. Katika kitabu cha mafunzo ya kompyuta kila kitu huandaliwa, na istilahi inayofanana na maneno ya kila siku haitambulikani kuwa ni istilahi.

Utaratibu wetu ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za jamaa zake za Kibantu, ndipo tugeukie za kigeni. Ndivyo "ngeli" ilivyotoka Kihaya ikaingia katika sarufi. Safari hii hatukulazimika kwenda mbali. Katika vijiji vya Iringa na Mbeya, mikoa ambayo hata baada ya kuzaa Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016 bado hulisha nusu ya mazungumzo yetu kuhusu mahindi, kila mkulima anakijua kichanja. Ni fito zilizopangwa juu ya nguzo, ambapo mahindi yaliyotoka shambani huwekwa kabla ya kuingia ghalani. Hapo ndipo mtu huyatazama. Bua lililooza hutupwa, gunzi lenye wadudu hutolewa. Hata asiyelima anakijua kichanja cha kuanikia vyombo nyuma ya jiko.

Basi napendekeza: mahali pa katikati paitwe kichanja. Hifadhi ya matoleo iitwe ghala. Kitendo cha kuweka tayari kiwe kupandisha kichanjani, na kitendo cha kuandikisha toleo kiwe kuingiza ghalani, na toleo lililoandikishwa liitwe ingizo. Sikuchukua "kuhifadhi" kwa ajili ya kitendo hiki cha mwisho kwa sababu neno hilo limekwisha kupewa kazi katika programu za kuandikia, ambako mtu huhifadhi faili mara ishirini kwa siku. Kulipa kazi ya pili ni kuwarudisha watu katika mkanganyiko ule ule ulionipata. Mabadiliko basi yatakuwa ya namna mbili: yaliyo kichanjani na yaliyo nje ya kichanja.

Sitaficha kwamba mfano wa mahindi una mipaka. Gunzi likipanda kichanjani halipo tena shambani, lakini maandishi yakipanda kichanjani hubaki pia mezani. Kilichopanda ni nakala. Tena kichanja cha Git hakiwi kitupu. Baada ya kuingiza ghalani, kichanja hubaki na sura ile ile ya toleo la mwisho, ndiyo maana kulinganisha kwawezekana. Mwalimu anayefundisha asitegemee jina pekee. Aongeze mfano wa trei na nakala ya kaboni, au atafute wa kwake. Istilahi haina wajibu wa kueleza kila kitu. Wajibu wake ni kutopotosha katika lile la msingi, na la msingi hapa ni kwamba kisichopita kichanjani hakiingii ghalani. (Ipo amri moja ya mkato inayopandisha na kuingiza kwa pamoja mabadiliko ya mafaili yanayofuatiliwa. Wanaoanza wasiitumie.)

Limebaki suala la kitendo cha kinyume. Mtu akipandisha kwa makosa, atasemaje akitaka kuondoa? Tangu mwaka 2019 mfumo una amri ya "git restore --staged" kwa kazi hiyo, na mabadiliko yaliyo mezani hayaguswi. Mjumbe mmoja alipendekeza kwa shauku jozi ya "kuanika" na "kuanua", na kwa sikio la mwanasarufi jozi hiyo ni tamu, kwa kuwa kitenzi cha pili ni kinyume halisi cha kwanza. Nilivutiwa nayo kwa siku mbili. Kisha nikamwuliza mama mmoja muuza mahindi katika soko la Iringa: ukianua mahindi unayapeleka wapi? Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Ndani, baba. Mvua si inakuja?" Kwake kuanua ni kuingiza ndani, yaani kitendo kile kile tunachokiita kuingiza ghalani. Tungeitumia jozi hiyo, mtumiaji angefikiri anahifadhi ilhali anaondoa. Na "kuanika" nako huchukuliwa kuwa ni kutoa siri hadharani, jambo lisilopendeza kwa maafisa wanaotunza nyaraka. Kwa hiyo nimebaki na kupandisha na kushusha: aliyepandisha kichanjani kwa makosa atashusha kutoka kichanjani.

Ujumbe wa Git umewezekana kufasiriwa katika lugha mbalimbali tangu mwaka 2012. Kwa mfasiri atakayeishika kazi hiyo kwa Kiswahili, vichwa vya jibu la hali vyaweza kusomeka hivi: "Mabadiliko yaliyo kichanjani, yatakayoingizwa ghalani", "Mabadiliko yaliyo nje ya kichanja", "Mafaili yasiyofuatiliwa". Nimevisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi wa Mbeya wasioambiwa chochote kabla, nikawauliza mabadiliko ya kundi la pili yataingia ghalani jioni hiyo au hayataingia. Walijibu pamoja kwamba hayataingia. Mmoja aliongeza kwamba yatanyeshewa.

Mapendekezo haya bado hayajasanifiwa. Walimu na wafasiri wenye pingamizi, hasa wa pwani, ambako chanja hutajwa zaidi kwa samaki, wanaombwa kuyaandika kabla kikao cha usanifishaji hakijakaa. Na walimu waliohudhuria semina ile ya Mbeya, ikiwa bado wana karatasi ya kwanza, tafadhali wafute 31.5 katika neno "unyevu" na kuandika 13.5 kwa kalamu ya wino, kisha wawaambie na wanafunzi waliokwisha kuinakili.